Ukoko wa Ijumaa

Katika mtaa wa Tibirinzi haikupita shughuli, iwe ya arusi au ya hitima, bila Bi Mwanapili binti Mmanga kuitwa kwenye vyungu. Watu walisema mkono wake umesomewa. Mwenyewe alikana. Alisema hakuna kisomo hapo, ni adabu tu; chakula kina adabu zake kama sala ilivyo na zake, na mwenye kuzivunja asiwalaumu wauza mkaa.

Ijumaa hiyo mwanafunzi wake alikuwa mjukuu wake Ruweida, mtoto wa bintiye Saada, aliyekuwa aolewe baada ya wiki mbili na Yussuf, kijana wa Ole. Ruweida alikaa juu ya mbuzi akikuna nazi, na kila alipopumzisha mkono aliandika katika daftari la shule lililobaki kurasa chache.

"Papa mkavu harowekwi kwa maji ya moto," alisema Bi Mwanapili. "Atakaza kama soli ya kiatu. Maji ya uvuguvugu, mara tatu, na ya mwisho uyakamulie ndimu. Tui la kwanza liweke mbali, liingie mwisho. Likishaingia usiondoke hapo ulipo, hata ukiitwa na nani. Korogakoroga mpaka litokote, vinginevyo litakatika, upakue mafuta huku na maji huku. Na chumvi uionje baada ya ukwaju. Ukiionja kabla, ukwaju utakudanganya."

"Na wali, Bibi?"

"Wali ukishakauka maji, upalie. Makaa mengi juu ya kifuniko, chini ubakishe kidogo tu. Na ukimaliza kupakua, papo hapo, kabla hujanawa mikono, mimina maji ndani ya chungu ukoko ulainike. Ukoko usionekane na mume. Ukoko ni shahidi kwamba moto ulikushinda."

"Nikiutafuna mwenyewe jikoni?"

"Utafune, mvua ikunyeshee siku ya arusi, viti vya wageni vielee."

Ruweida akacheka, akaandika. Bi Mwanapili akanyoosha kidole, na kidole hicho kilipoinuka watu wa nyumba ile walijua kuwa linalokuja ni la uzito.

"Na hili liandike juu ya yote. Ukifika kwa watu, usimuulize mume anapenda kula nini. Mwanamume mwema atakwambia anakula chochote, na hapo hujajua kitu. Kamuulize mamake."

Yeye mwenyewe ndivyo alivyofanya, miaka arobaini na mitatu iliyopita, alipotolewa kwao Chokocho akaletwa hapa. Fungate haijesha, alimwendea mkwewe, Bi Tatu, Mungu amrehemu, aliyekuwa akipepeta mchele uani, akamuuliza kwa haya mwanawe hupenda nini. Bi Tatu alikuwa mtu wa maneno machache. Hakuinua kichwa. Alisema, "Nassor? Kwa papa, ndo basi tena," akaendelea kupepeta. Tangu siku hiyo haikupita Ijumaa, Mzee Nassor akitoka msikitini, asikute mchuzi wa papa wa nazi na wali mweupe chini ya kawa.

"Na Babu anampenda kiasi hicho?"

"Tangu siku hiyo hajabakisha hata kipande."

Hapo akafunua mkebe wa ukwaju, akakuta kokwa mbili na nyuzi. Akavaa buibui lake, akamwachia Ruweida moto, akateremka mwenyewe hadi dukani kwa Burhanuddin.

Burhanuddin hakuwapo. Alikuwapo mkewe, Bi Insiya, aliyezaliwa Chake Chake na kukulia humo humo, na ambaye kwa maneno hakupungukiwa. Alimfungia ukwaju katika karatasi, akaulizia hali ya bibi arusi, kisha akasema kama mtu anayetaja hali ya hewa:

"Mwambie Mzee leo asikawie. Ukoko wake nimeupika kwa samli."

Bi Mwanapili alidhani hakusikia vizuri. "Ukoko wa nani?"

"Wa Mzee Nassor. Si kila Ijumaa akitoka kula kwako hupita hapa kuzungumza na Burhan? Mimi humtolea ukoko kwenye kisahani. Anautafuna mpaka wateja wanageuka. Mwaka huu ni wa ngapi sijui, tangu mwanangu Shamima hajaanza chuo, na sasa Shamima ana watoto." Akaona uso wa mwenzake umebadilika, akataka kuutengeneza. "Usione vibaya, dada. Amenieleza mwenyewe. Kasema kwake ukoko haupatikani, mkewe ni fundi mno, wali wake haushiki chungu."

Bi Mwanapili alichukua ukwaju wake, akashukuru, akaaga kwa adabu. Alipofika njiani akagundua kwamba anakwenda upande wa sokoni, si wa nyumbani. Akasimama. Jua lilikuwa kali na watu walikuwa wakipita na salamu zao, naye akizijibu zote, lakini kifua chake kilikuwa kitupu kama mtungi uliopinduliwa. Mumewe hula kwa watu. Miaka yote hiyo, mtu ambaye yeye amemfulia kanzu na kumwombea katika kila sijida, hutoka kwenye sinia lake akaenda kumalizia shibe kwenye kisahani cha jirani. Na kinachomtoa si biriani, si nyama ya kuchoma. Ni ukoko, kitu ambacho yeye huwakwangulia kuku.

Alipika. Mkono ulijua njia hata moyo ulipokuwa haupo. Alitia tui, akakoroga, akapakua, akafunika kwa kawa. Ruweida alimwita mara mbili hakuitika.

Mzee Nassor alirudi baada ya sala, kanzu nyeupe, kofia mkononi, akatoa salamu mlangoni kama anavyofanya kila siku hata nyumba ikiwa tupu. Wakakaa mkekani watatu. Akasema bismillahi, akanyoosha mkono.

Bi Mwanapili hakula. Alimtazama, na ikawa kama anayetazama kwa mara ya kwanza mtu aliyekaa mbele yake tangu ujana. Akaona tonge la wali kubwa na papa juu yake mdogo kama ukucha. Akaona mkono wa kushoto ukishika gilasi ya maji kabla tonge halijafika kinywani. Akaona hatafuni; anameza, kisha maji, kisha anashusha pumzi, kisha anatabasamu. Siku zote alidhani maji yale ni kwa sababu ya pilipili.

"Baba Saada," alisema, "nakuomba kwa Mola wako unijibu neno moja. Papa unampenda?"

Tonge lilisimama hewani. "Chakula ni neema, Mwanapili."

"Sikuuliza neema. Nimeuliza papa."

Mzee akarudisha tonge sahanini. Ameapishwa kwa Mola wake, na yeye hakuwa mtu wa kuchezea kiapo. Akatazama mkeka.

"Simpendi," akasema. "Tangu mdogo. Nilimla siku moja nikatapika usiku kucha, ikasemwa sitapona. Mama akaapa kuwa hataniwekea tena. Akiletwa papa nyumbani, mimi nilikuwa nikipikiwa chakula changu mbali."

"Mamako mwenyewe ndiye aliyeniambia."

"Alikwambiaje?"

"Kwa papa, ndo basi tena."

Mzee Nassor akafumba macho. "Ndo basi tena," akarudia taratibu, akiliweka kila neno mahali pake. "Yaani kwisha. Yaani asiletewe."

Ruweida aliziba mdomo kwa ukingo wa mtandio. Hakuna aliyemtazama. Bi Mwanapili alikuwa akimwona Bi Tatu na ungo wake, na pumba zikiruka, na yeye mwenyewe bibi arusi wa siku tano, mwenye hina bado mbichi, akiondoka uani kwa furaha kwa kuwa amepewa siri. Neno lilikuwa moja. Mama amelitoa likiwa na maana ya kukoma, na yeye amelipokea likiwa na maana ya kupita kiasi. Na katikati ya kutoa na kupokea zimepita Ijumaa zaidi ya elfu mbili.

"Kwa nini hukusema?"

"Siku ya kwanza uliniletea kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona. Nikasema nitamla leo tu. Ya pili nikaona nikisema sasa, utauliza kwa nini sikusema ile ya kwanza." Akaisogeza gilasi kando. "Kisha nikakumbuka kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, hakupata kukitia chakula dosari hata siku moja."

"Na kisichompendeza alikifanyaje?"

Ruweida, aliyehitimu chuo cha Kurani na ambaye ulimi wake ulikuwa umetangulia akili, akajibu yeye:

"Alikiacha, Bibi."

"Alikiacha," akasema Bi Mwanapili. "Hakukila miaka arobaini na mitatu akawa anatabasamu. Hiyo sunna umeitoa wapi, Baba Saada?"

Mzee Nassor alikuwa mtu wa kusikilizwa msikitini, na katika mambo ya halali na makruhu watu walimfuata mpaka nyumbani kumuuliza. Leo alikuna ndevu.

"Na bokoboko langu la ngano na nyama?" akauliza mkewe. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Na mkate wa kumimina wa mfungo? Na boga la nazi, unalosema hakuna alipikaye hapa Chake Chake kama mimi?"

"Wallahi, bokoboko lako sijala mfano wake."

"Nitakuaminije?"

Hapo ndipo palipouma, na yeye mwenyewe hakujua hadi alipolitamka. Papa si kitu. Papa aachwe leo, ateketee. Lakini mtu aliyemsifu papa kwa Ijumaa elfu mbili, sifa yake ina uzito gani? Kila kitu alichopata kuambiwa na mumewe ni kitamu, na mambo mengine yasiyo ya jikoni aliyopata kuambiwa na akayahifadhi, sasa yote yalikuwa yamekaa mbele yake kwenye mizani isiyo na jiwe. Wageni wa arusi humsifu, hao hawajui. Aliyemtaka ajue ni mmoja.

"Bi Insiya amekupikia ukoko kwa samli," akasema. "Anakungojea."

Mzee Nassor akageuka rangi ya majivu.

"Nilisema haushiki chungu," akasema kwa sauti ya mtoto aliyekamatwa, "ili asidhani hujui kupika."

Bi Mwanapili akainuka, akaingia jikoni. Alikwenda kumimina maji chunguni. Mkono ulikuwa umeshashika kata. Akainama, akaona chungu kikavu. Mara ya kwanza tangu aolewe, alipakua akasahau maji. Chini kulikuwa na ukoko, wa kahawia, umejikunja kingo, mzima kama mkate. Alisimama nao muda. Kisha akaweka kata chini, akachukua mwiko wa chuma, akaubandua taratibu, akaupanga juu ya sahani ya maua ambayo hutolewa kwa ajili ya wageni tu.

Akaiweka sahani mbele ya mumewe. Ruweida akanyoosha mkono, naye akampiga kidogo vidoleni. "Wewe una arusi."

Mzee Nassor akasema bismillahi mara ya pili. Akavunja kipande, akakitia kinywani, na ikasikika katika nyumba ile sauti ambayo haikuwahi kusikika humo: mkwaruzo mkubwa wa meno ya mzee, meno aliyobakiwa nayo, yakisaga kwa juhudi. Alitafuna. Hakugusa gilasi. Akavunja cha pili, akasita, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Huu," akasema, kisha akameza mate, na jasho likamtoka kwenye paji la uso kama anayekwenda kutoa ushahidi. "Huu umeungua kidogo upande huu."

Bi Mwanapili aliketi mkekani, akachukua kile kipande mkononi mwa mumewe, akakiangalia, akakionja kwa ncha ya ulimi.

"Kweli," akasema. "Umeungua."

Kisha akavuta sahani ya papa upande wake, akatengeneza tonge, na kabla ya kula akamuuliza tena, polepole:

"Na bokoboko?"

"Bokoboko halina mfano," akasema Mzee Nassor. "Ila siku nyingine unazidisha mdalasini."

Bi Mwanapili akamgeukia mjukuu wake, akamwonyesha daftari kwa kidevu. Ruweida akatafuta ule ukurasa wenye lile la juu ya yote, la kumuuliza mamake, akalikata kwa mstari, akangoja kuambiwa aandike nini badala yake.