Kibaba cha Mize

Mimi ni mwalimu wa hesabu, na mtu akinikosoa hesabu napandwa na hasira mpaka masikio yakawaka moto. Nalisema mapema ili mjue mnamsikiliza mtu wa namna gani.

Baba alifariki mwaka 1958, hapa Pujini. Mama alikuwa amemtangulia. Tukabaki watatu: mimi, na wadogo zangu Mize na Mwanapili, ambao hawakutiwa skuli. Baba alituachia mikarafuu arubaini na minane. Watu wakasema twende kwa kadhi. Nikasema ya nini, na mwalimu yumo ndani ya nyumba? Sheria kila mtu aijua: mwanamume apata mara mbili ya mwanamke. Nikachukua karatasi, nikaandika mbili kwa moja, nikagawa kwa tatu. Thuluthi mbili zangu, miti thelathini na miwili. Thuluthi iliyobaki yao, minane kwa minane. Jawabu lilinipendeza, sikulikagua.

Mize alikuwa mjane mwenye watoto wanne. Msimu ukija, miti yake minane aliimaliza upesi, kisha akenda kuchuma kwa watu. Nilimwona akirudi jioni amechoka, nikamwonea huruma. Nilikuwa mwepesi sana wa huruma siku zile.

Mwaka 1961 shangazi yetu Kazija, wa Wingwi, alituletea mpunga uliovunwa katika konde ya baba iliyokuwa huko. Tukakaa jamvini uani kwa Mize. Nikatoa kalamu.

"Iweke, Kaka," alisema Mize. "Hapa patosha kibaba."

Akaanza kuchota. Vibaba viwili fungu langu, kimoja lake, kimoja la Mwanapili. Viwili, kimoja, kimoja. Mpunga ulipokwisha nikahesabu: vyangu kumi na viwili, vyao sita sita. Lakini jumla ilikuwa ishirini na vinne, na kwa hesabu yangu nilistahili kumi na sita.

"Mize, umenipunja," nikasema.

Alishtuka. "Si kila nilipopata kimoja weye umepata viwili? Au mie sijui kugawa?"

"Hujui."

Alichota kibaba kimoja katika fungu lake, akamimina kwenye langu. "Basi radhi, Kaka. Siye hatukusoma."

Nikauchukua mpunga ule. Nilifika kwenye mnazi wa njiapanda, ndipo viwili, kimoja, kimoja vikanirudia kichwani. Mafungu manne. Si matatu, manne. Mwanamume mara mbili ya kila mwanamke, si mara mbili ya wote wawili. Yangu ilikuwa nusu, miti ishirini na minne, na kila dada kumi na miwili. Nilikaa chini pale pale na kapu langu mapajani. Niliona aibu ambayo sijapata kuiona, na hakuna aliyenitazama isipokuwa mbuzi.

Mtu mwema angerudi akasema. Mimi nilingoja siku tatu, kisha nikawaita dada zangu nikawaambia nawapa miti minne kila mmoja. Nikasema ni zawadi.

Mize alilia. Aliniombea dua mbele ya majirani, na kila alikokwenda alinisifu, mpaka msikitini wakawa wananisogezea nafasi safu ya mbele. Nikaanza kusali nyumbani.

Kabla ya mwaka kwisha akafariki jirani yetu Mzee Vuai. Aliacha mtoto wa kiume, Jaribu, na wa kike wawili, na mikarafuu thelathini na sita. Siku ya khitma Jaribu aliniletea karatasi mbele ya watu.

"Mwalimu, tugawie kama ulivyogawa kwenu."

Niliiweka kalamu chini. Nikasema, "Mwiteni Mize."

Alitoka kwa wanawake, akakaa, akahesabu karafuu kavu thelathini na sita mkekani, karafuu moja kwa kila mti. Mbili za Jaribu, moja, moja. Alipomaliza, Jaribu alikuwa na kumi na nane, dada zake tisa tisa. Mize aliyatazama mafungu yale muda mrefu. Kisha akaniinulia uso.

"Kaka, mie nilipata minane. Mara mbili yake ni kumi na sita. Weye ulikuwa na thelathini na miwili. Ile mingine ilikuwa ya nani?"

Ningeweza kusema nilikosea kalamu, na wangeniamini.

"Yenu," nikasema. "Na ile minne minne haikuwa zawadi. Nilijua siku nilipowapa. Nitalipa na mavuno ya misimu yote ile."

Mize alikung'uta kanga yake, akasimama.

"Mavuno utalipa," alisema. "Basi na zile dua zangu nirudishie."

Akarudi kwa wanawake. Nilibaki mkekani na karatasi yangu, na Jaribu akaanza kuzizoa karafuu za baba yake, fungu baada ya fungu, bila ya kunitazama.