Mashine ya Kufulia ya Mama Chileshe

…hapana, haijafa, imenyamaza tu, injini nyingi hunyamaza kabla ya kushika, aliwaza Bwembya, akiwa amepiga goti kwenye saruji iliyolowa, kiganja kikiwa ubavuni mwa ile mashine ya kufulia, akitafuta mtetemo wowote, hata mdogo, lakini wapi, kimya, yeye aliyetengeneza injini za boti bandarini Kashikishi miaka thelathini na ushei, yeye ambaye wavuvi walimfuata hadi kanisani wakimwashiria dirishani atoke, leo ameshindwa na kabati lenye kioo cha duara, na nyuma ya kioo nguo za mkewe zimelala kwenye maji ya kijivu, gauni la kijani, blauzi mbili, kitenge cha akina mama wa kanisa, zote anazotaka kwenda nazo Mansa, na taa ya mlango imezimika, maana yake umeme umekatika, na umeme ukikatika mlango huu hujifunga kama mdomo wa mtu aliyenuna, haufunguki mpaka umeme urudi, na hapa kwetu umeme hurudi ukijisikia… “Bashi Chileshe, imemaliza?” sauti ya mkewe Laurentine, anayemwita hivyo, baba Chileshe, tangu mtoto azaliwe, ilitoka chumbani, alikolala mguu wenye plasta ukiwa juu ya mto, “Bado kidogo,” akajibu, likamtoka kabla hajalifikiria, bado kidogo, neno jepesi, mwaka mzima yeye na mashine hii wamekuwa wakiishi kwa bado kidogo, na leo hakuna bado, Chileshe binti yao anafika mchana na gari la kukodi, saa nane anamchukua mama yake, alishamwambia baba yake kwenye simu, “Batata, kwangu mayi iko mu nyumba, mama atakaa na miye mpaka mguu ipone,” maji ndani ya nyumba, mpaka mguu upone, sawa, nani atakataa, lakini mtu anayekwenda mpaka mguu upone habebi sufuria yake kubwa, na jana Laurentine aliagiza sufuria yake kubwa itiwe kwenye gunia, na aliyeitia ni yeye Bwembya, akakaza kamba, alitaka kuuliza, mama, unarudi? akajikuta anauliza kama gunia moja linatosha.

Harudi, alijua moyoni, harudi, na nani atamlaumu, alikuja hapa akitoka Kilwa, si ile ya pwani, hii ya ng'ambo ya ziwa, na magunia mawili ya unga wa muhogo, naye Bwembya hakuwa na Kiswahili chochote zaidi ya kile cha sokoni, akamtongoza kwa Kiswahili cha kuuliza bei, mpaka leo wakicheka mke humwambia kwamba alimnunua bila kupunguziwa, na Kiswahili hicho ndicho kikawa lugha ya nyumba yao, cha kulelea mtoto, cha kugombana, ingawa kugombana hawakujua sana, labda hapo ndipo lilipokuwa kosa… maana mtu mgomvi angesema siku ile ile, ondoa huu upuuzi wako ndani ya nyumba yangu, lakini Laurentine alisimama uani na mikono kwenye mashavu, akaitazama mashine ikishushwa garini, majirani wamejaa, Felistus wa nyumba ya pili anapitisha kidole kwenye kioo na kusema, “Sasa Mama Chileshe atakuwa anakaa tu, sawa na muzungu,” watu wakacheka, na Bwembya kichwa kikamvimba, kwa sababu aliuza injini yake ya mwisho kwa ajili ya mashine hiyo, na hakuiuza kwa kujionyesha, hapana, hilo Mungu analijua, aliiuza kwa sababu ya mgongo wa Laurentine, ambao usiku ulikuwa ukimfanya ageuke kitandani kwa vipande vipande, kwanza mabega, kisha kiuno, kisha miguu, na muuzaji kule Mansa alimwambia, hii inafua mama akiwa amelala, mzee, na kijitabu cha maelezo Bwembya hakukifungua, nani amfundishe yeye mashine.

Na mashine ilitaka maji yanayosukuma, bomba la uani linatoa maji asubuhi tu, tena membamba kama uzi, ikakaa ikinguruma na kusubiri maji yasiyokuja, majirani bado wamesimama pale, ndipo aliposema, aibu ya mdomo wake, “Tutaweka na ndoo, tatizo iko wapi?” na hakujiuliza hizo ndoo zitabebwa na nani, ndoo tatu za kufulia, tatu za kusuuzia, wakati mwingine na ya saba, kwa nguo ambazo zamani zilitoshwa na mabeseni mawili… na Laurentine akabeba, wiki ya kwanza alibeba, mgongo ule ule uliosababisha mashine inunuliwe ndio ukaajiriwa kuinywesha mashine, ungemfanyia mtu hivyo kwa makusudi angekushitaki, na umeme ukakatika sare yake ya kanisa ikiwa ndani, siku tatu, ilipotoka ilinuka kama kitambaa cha kufutia samaki, Jumapili ile akaenda na gauni la kawaida katikati ya wenzake wote wenye sare, akajikaza kisabuni, walipomuuliza alisema, “Mashini haina makosa, ni umeme,” na yeye Bwembya, kwenye benchi la nyuma, alifurahi kusikia hivyo, ndiyo, alifurahi, hilo ndilo linalomuuma sasa… “Bashi Chileshe, mayi imeisha? Niite Felistus akusaidiye?” “Usimwite,” alijibu haraka, “niko naangalia tu.”

Anaangalia nini, hakuna cha kuangalia, gauni limejibandika kwenye kioo, na kuna kitu kingine ambacho hapendi kukiona, kwamba tangu mashine iliponyamaza moyo wake umetulia kidogo, nguo zimefungiwa, hawezi kuondoka bila nguo, mchana utapita, Chileshe atasema basi kesho… ujinga mtupu, mwanamke aliyevuka ziwa na kitenge kimoja hashindwi kwenda Mansa na gauni la kuazima, na tazama, mzee mzima, bado unataka mashine ikusemee, kama ilivyokusemea miezi yote ile nguo zikining'inia kwenye kamba kila Jumanne na kila Ijumaa, safi, zikinukia sabuni, nawe unauliza, inatumika muzuri? naye anasema, inatumika, nawe unakwenda bandarini kujipiga kifua, kwangu mke anakaa kwenye kiti, na Kaoma, fundi mwenzako, anakutazama na kuendelea kusugua plagi… kwa nini Kaoma hakucheka? walijua wote, hakuna siri ziwani, wanawake mia wanafulia kwenye mawe yale ya ufukweni, walijua kwamba mke wa fundi Bwembya hungoja mumewe atoke, hubeba beseni lake, hushuka ziwani, hurudi kwa njia ya nyuma, ili mumewe asiaibike. Kisha siku aliyoteleza kwenye mawe wakamleta juu ya keria ya baiskeli ya kubebea samaki, wanaume wawili wamemshika, kitenge kimelowa, mguu umepinda, Felistus nyuma na beseni la nguo kichwani, uani pakajaa watu kuliko siku ya mashine, na Bwembya akafanya nini, akapaza sauti, mbele ya watu wote, “Mama Chileshe, ulikuwa unafanya nini ku ziwa?” kwa mshangao, kwa mshangao mkubwa hasa, na Laurentine, anayeuma meno kwa maumivu, alimtazama, akasema, “Nilipita tu,” akafumba macho.

Alimtazama muda mrefu, sasa anakumbuka, muda mrefu kuliko maumivu yanavyoruhusu, na hapo ndipo mawazo yake hugeuka kila mara na kukimbia, huenda kwenye plasta, huenda kwa daktari aliyesema atatembea na fimbo, huenda popote, lakini leo yako wapi ya kukimbilia, goti limekufa ganzi, kioo kiko mbele yake… alijua, ndiyo, alijua, miezi miwili kabla ya siku ya baiskeli alikuwa akirudi kutoka Kabuta akijaribu injini ya mteja, ziwa limetulia, akapita karibu na mawe kwa sababu injini ilikuwa ikikohoa, na pale, kati ya wanawake, akamwona ameinama, kilemba chake cha njano, mkono mmoja kiunoni ukishikilia mgongo na mwingine ukipiga shati, shati la nani, lake yeye Bwembya, lile la mistari, na angeweza kuzima injini, angeweza kusogea, kumwita, mama, panda, leta beseni, turudi nyumbani tuitupe ile takataka, mambo yakaisha pale pale kwa kicheko, badala yake alishusha kofia usoni, akainamia injini kama anayetafuta tatizo, akaongeza mwendo, jioni akala ugali wake, akauliza, mashini inatumika muzuri? aliuliza hivyo, kwa mdomo huu huu… “Bashi Chileshe,” mara ya tatu, sauti haina haraka, “sema tu,” na yeye akasema, bila kuinuka, kuelekea mlango wa chumba ulio wazi nusu, “Umeme imekatika, nguo iko mu mashini, mulango haifunguke,” “Nilisikia,” akasema Laurentine, “nilisikia ile saa ilinyamaza,” sasa, alijiambia, usiposema sasa utasema na kuta, “Mama Chileshe… miye nilikuonaka. Ku mawe. Mbele ya ile siku ulianguka. Nilikuwa mu boti.”

Kitanda kililia kidogo, akadhani amegeuzia uso ukutani, akangoja neno kali, alilitaka, lingemsaidia, lakini sauti ilipotoka ilikuwa ile ile ya kila siku, ya kumwambia chumvi imeisha, “Na miye nilikuonaka. Ile kofia yako si ninaijua. Nikasema, bon, leo akirudi atasema, tutacheka, na ile kazi itaisha,” akapumua, “hukusema. Nikasema, labda Ijumaa,” na Bwembya akabaki pale, mkono kwenye bati baridi, umeme haujarudi, gauni bado limejibandika kwenye kioo, Mansa bado iko kule iliko, na Jumanne zote zile na Ijumaa zote zile zikamrudia, miezi miwili, Laurentine mbele ya kamba akianika polepole, nguo moja, halafu nyingine, akisimama katikati na pini mkononi, uso umeelekea upande wa kiti cha mumewe, naye, akiogopa asije akaulizwa kitu, anachukua kikombe chake anaingia ndani.