Machela Iliyobaki Nje

Nesi alikuwa amestaafu, ila mikono yake haikupata habari hiyo. Binti yake alipomletea boksi la ndege ya plastiki ya kuunganisha, hakukimbilia gundi. Alifanya kama alivyozoea kwenye chumba cha upasuaji: kwanza maandalizi.

Aliviosha vipande vyote kwa maji ya sabuni ili rangi ishike, akavianika juu ya taulo. Akasoma maelekezo mwanzo hadi mwisho. Akajaribisha kila kipande na mwenzake bila gundi, akikwangua palipogoma. Akatengeneza na kitu ambacho hakikuwemo kwenye boksi: machela ndogo ya waya na bendeji. Ndege ya aina hiyo ndiyo pekee aliyowahi kupanda maishani, akiwa bado mgeni kazini, akimshikia mgonjwa chupa ya dripu juu mpaka mkono ukafa ganzi.

"Unaijenga au unaiombea?" mumewe alimtania. Mtaa mzima ulimwita Chapuchapu, naye aliona ni sifa.

"Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo."

Siku moja Nesi alikwenda kumjulia hali dada yake. Aliporudi, aliikuta ndege juu ya meza ya sebuleni, nzima, gundi imeshakauka. Pua ilitazama dari na mkia umekaa mezani, kama mbwa anayeomba mfupa.

"Nimekupunguzia kazi, mke wangu," Chapuchapu alisema, uso umemkunjuka.

Nesi akatazama taulo. Viti vyote vya ndege vilikuwa palepale, pamoja na kipande cha chuma kilichotakiwa kutiwa puani ili ndege isilalie mkia. Na machela.

"Baba watoto, mgonjwa wangu mbona umemwacha?"

"Mgonjwa gani?"

Nesi alichukua kisu akajaribu kuifumua, lakini gundi ile ilikuwa imeyeyusha plastiki ikawa kitu kimoja. Kisu kikateleza. Bawa likapata ufa. Nesi akakiweka chini polepole, akaenda jikoni kuosha sufuria zilizokuwa safi.

Mumewe akamfuata. "Nitakununulia nyingine."

"Sitaki nyingine!"

"Sasa mimi ningejuaje kuna mgonjwa? Si ungeniambia."

"Ungeuliza! Kutwa unapita pale unacheka. Hata siku moja hukuniuliza kwa nini nasuka waya."

Chapuchapu alisimama ameshika fremu ya mlango. Sufuria ziligongana. Akauliza, "Alikuwa anaumwa nini?"

Nesi alimweleza, kwa sauti ya mtu ambaye bado hajasamehe: mama mjamzito, damu haikatiki, rubani akiuliza kila mara kama yu hai. Ndiyo, alipona. Mtoto pia.

Kesho yake Nesi aliikata ndege nyuma ya mabawa kwa msumeno mwembamba. Alisaga meno kila msumeno ulipokwama. Alitia chuma, viti na machela, akaifunga tena kwa gundi. Kovu lilibaki nene, la kukera macho. Akamkabidhi mumewe msasa.

Chapuchapu alikwangua, akapuliza vumbi, akapitisha kidole.

"Imetosha?"

"Bado."

"Na sasa?"

Nesi akaisogeza kwenye mwanga. "Bado. Na upande wa pili hujaugusa."