Kunguru wa Mwokaji

Asubuhi ile mwokaji aligoma kutoka kitandani. Alikuwa ameota amejitwika kikapu cha mikate, kunguru wanaidonoa. Naye, mzee wa kanisa, Maandiko aliyajua vizuri: mwokaji wa Farao aliota hivyohivyo, akaishia kutundikwa mtini.

“Mama watoto, mimi si wenu tena,” alisema, shuka imemfika kidevuni. “Mungu amenifunulia.”

Mkewe, ambaye tangu aolewe alikuwa akiitafuna mikate ya mumewe kwa magego ya upande mmoja, alifikiri kidogo.

“Hao kunguru waliila kweli?”

“Waliimaliza.”

“Hakuna hata mmoja aliyeitema?”

“Hakuna.”

“Basi amka ukawashe tanuri, baba watoto. Hiyo ni ndoto tu. Mungu hafunui uongo.”