Neno Moja Ukutani

"Shule ilikushinda darasa la nne. Leo unaniambia mtoto wangu anajua kusoma?"

"Anajua, abaayo, dada yangu. Muulize."

"Nakuuliza wewe."

Kaaha alikuwa ameleta mbuzi wa kuuza Garissa, na lori la kurudi Bura lilishawashwa nje. Alitaka kuondoka na binti yake Ifrah, miaka saba, akachunge. Nuh, mdogo wake Kaaha, aliyekuwa anamfundisha mtoto hapo nyumbani kwa mama yao, alikataa katakata. Walikuwa wamekubaliana tangu kiangazi: mtoto akijua kusoma, anabaki.

Nuh, mtu asiyetulia hata akiwa amekaa, akafungua kitabu. Ifrah akautiririsha ukurasa mzima, mwili unayumba mbele na nyuma. Nuh akacheka. Dada yake hakucheka. Herufi hajui hata moja, lakini dugsi, chuo cha Kurani, alikaa, na anajua mtoto anavyoyumba akitoa maneno kichwani. Akafunika ukurasa kwa kiganja. Ifrah akaendelea tu mpaka mwisho.

Nuh akaelewa kosa lake. Miezi mitatu amesoma yeye, mtoto akarudia, vile vile walivyofanya na ubao wa dugsi: ukishika kichwani, unafuta. Herufi alimfundisha, ndiyo. Kumpima hakuwahi.

Lori likapiga honi. Kaaha akamshika mtoto mkono.

Nuh akamsihi: neno moja tu, dada achague mwenyewe. Kaaha akamnong'oneza Nuh neno sikioni. Nuh akaokota mkaa, akaandika ukutani.

Safari hii Ifrah hakuyumba. Kidole kikatambaa. "A... de..." Kikakwama. Nuh akauma ulimi asimsaidie. Honi tena.

"Adei." Akamgeukia mama yake. "Yule mbuzi wetu mweupe? Si alikufa?"

Kaaha aliukazia ukuta macho kama mtu ameona nyayo za mnyama wake mchangani. Halafu akauliza kifurushi kile mlangoni ni cha nani.

Kilikuwa cha Nuh. Alishapata kazi ya utingo kwenye lori la Ifo, kuanzia kesho. Alidhani mtoto akishajua kusoma, yeye kazi imeisha.

"Kifungue," Kaaha akasema. "Neno moja bado si kusoma. Nikisikia umetoka hapa, wallahi namchukua."

Akauachia mkono wa mtoto, akageuka, akaenda zake kwenye lori.