Basi Lililopita Maji ya Chai

Mwaka wa tano baada ya vita kwisha, tajiri wa basi la Kikatiti kwenda Arusha alikubali abiria wachague kamati ya kumshauri. Tukachaguliwa watatu: mzee Naftali mwenyekiti, Susana muuza maziwa, na mimi mjane, kwa kuwa kila siku ya soko nipo barabarani na mkungu wangu wa ndizi.

Lalamiko lilikuwa moja. Basi lilikuwa likipita kituo chetu cha Maji ya Chai bila kusimama, na nafasi zimo. Maziwa ya Susana yalikuwa yamechacha mara mbili.

"Ni huyu kondakta, Lemburis," Susana alisema. "Anagonga bati, dereva anakanyaga mafuta. Tumshauri tajiri amfukuze."

"Kofia ya kazi imemlevya," mzee Naftali akasema, akachukua kalamu.

Lemburis ni mume wa binti yangu Elinami, na Elinami alikuwa na mimba ya miezi saba. Shamba hawana, kazi ile ndiyo iliyowalisha. Nikimtetea, watasema napendelea mkwe. Nikamwomba Mungu moyoni anipe neno la kweli tu.

Ndipo nikakumbuka. Wiki niliyoumwa jino nikabaki nyumbani, nilisikia basi lilisimama.

"Susana, siku nisipokuwepo hupandi?"

Akafikiri. "Napanda. Ehee! Kumbe mkosi ni wewe, mama Elinami!"

Tukacheka, hata mzee.

"Si mkosi," nikasema. "Kwao Waarusha, mkwe hamgusi mama mkwe wake. Na kondakta kazi yake ni kusimama mlangoni, kila anayeingia anamsugua kifuani. Kijana ananiheshimu mimi, anawaacha ninyi barabarani. Amekosa, sikatai. Ila si kiburi."

Mzee Naftali akaweka kalamu chini. "Sasa tumshauri nini tajiri? Akuondoe wewe?"

"Mizigo yetu yote hukaa juu ya basi. Kondakta atangulie kupanda juu aipokee, watu waingie mlango ukiwa wazi. Nauli akusanye tukishaketi. Yangu nitampa Susana ampelekee."

"Na maziwa yatawahi," Susana akasema taratibu. "Haya. Mzee, andika hivyo. Kumfukuza acha."

Mzee aliandika habari ya mizigo tu. Ya ukwe hakuigusa. Tajiri aliposikia kwamba basi halitakawia kituoni, akakubali siku ileile.

Siku ya soko iliyofuata basi lilisimama. Lemburis alikuwa ameshapanda juu. Nikainua mkungu wangu, mkono ukashuka kuupokea, uso wake ameuelekeza Mlima Meru kama mtu anayetazama mvua.

"Ndizi za nani hizi?" akauliza kwa sauti ya kazi.

"Za bibi wa mtoto anayekuja!" Susana akamjibu kwa niaba yangu, na basi zima likacheka.

Mikungu mingine aliitupa tu. Wangu aliulaza, akaufunika kwa gunia usichomwe na jua.