Kucha za Mfugaji

Wafugaji wenzake walimwita Kucha, na jina hilo alilivaa kama kilemba. Wenzake walipeleka ng'ombe kuogeshwa kwa dawa. Yeye aliwachambua mmoja mmoja, akawang'oa kupe masikioni na chini ya mkia, akawapasua kwa kucha za dole gumba hadi damu ikamrukia usoni. Dawa, alisema, ni ya watu wenye vidole vya kuazima.

Homa ilipomwangusha, akasema ni malaria. Kipimo kikakataa. Siku ya nne fizi zikaanza kuvuja damu. Mkewe akamfuta kwa kitambaa, mikono mitupu, huku akimtania kwamba amezeeka hadi meno yanalia. Kisha akamkokota hadi zahanati.

Muuguzi alitaka kujua mikono yake ilifanya kazi gani wiki ile.

"Kazi za kawaida tu," alisema Kucha.

"Kawaida yake ni kupasua kupe kwa kucha," mkewe akadakia. "Bwana, kama unataka kufa na sifa zako, mimi sitaki ujane wa sifa."

Maneno yale yalimchoma kuliko homa. Lakini muuguzi alikuwa ameshavaa glavu. Akamtenga katika chumba cha peke yake na kuita gari la hospitali, huku akieleza kwamba kuna homa ya virusi vinavyobebwa na kupe. Humpata mtu kwa kuumwa na kupe, kwa damu ya kupe aliyepasuliwa, hata kwa damu ya mgonjwa.

Hapo Kucha akaitazama mikono ya mkewe.

Huko hospitalini Kucha alipata nafuu kidogo kidogo. Mkewe alitakiwa kupimwa joto na muuguzi yule wa zahanati asubuhi na jioni kwa siku kumi na nne, na kila siku mgonjwa aliwasumbua wahudumu wampigie simu muuguzi. Hakugusa chakula kabla hajajibiwa.

Siku ya mwisho muuguzi na mkewe walimkuta ameruhusiwa, ameketi kwenye benchi nje ya wodi.

"Thelathini na sita na nusu," mkewe alisema. "Kupe wako wamenikosa, bwana."

Kucha akainuka kwa shida, akamshika muuguzi mkono. "Dada yangu, umenirudishia nyumba yangu. Ahsante."

"Mshukuru aliyekusema," muuguzi akajibu.

Akamgeukia mkewe. Miaka kumi na moja ya ndoa, hakuwahi kumshukuru mbele za watu.

"Ahsante, mama."

Mkewe akatega sikio, akadai hakusikia vizuri.

Akarudia, kwa sauti iliyogeuza vichwa vya benchi zima.